Adui wa Babu Lukosi

Kaka yangu Kelestini alimaliza likizo nzima akimtafuta babu yetu Lukosi kwenye makabati ya nyaraka Dar es Salaam, akarudi Ifakara na nakala ya karatasi moja. Imeandikwa Kijerumani, herufi zimejikunja kama minyoo ya chambo. Tuliipeleka kwa Sista Brigita pale Viwanja Sitini, ambaye alisomea uuguzi ng'ambo na lugha hiyo anaijua. Akavaa miwani, akatusomea polepole kwa Kiswahili.

Karatasi ilisema kwamba mwaka 1911 tume ya ardhi ilifika Mofu, kando ya mto Kilombero, kuangalia shamba linalokaliwa na mtu mmoja aitwaye Lukosi, Mhehe, mhamiaji. Shamba limetengwa liwe lake na la watoto wake. Uamuzi huo umetokana na ushahidi wa adui yake mkubwa, Libenanga, mtu katili ambaye aliwahi hata kuzuia mazishi ya mama yake Lukosi.

Kelestini alikunja uso. "Aurelia," akaniambia, "kumbe hawa kina Libenanga tunaokula nao Pasaka kila mwaka ni watu wabaya kiasi hicho?"

Nilicheka mpaka Sista akaniletea maji. Simlaumu sana kaka yangu. Alichukuliwa seminari angali mdogo, akarudi na akili nyingi na habari chache za kwao. Mimi nililelewa Mofu na bibi yetu Digna, binti wa mwisho wa huyo Lukosi, na bibi alikuwa na mdomo. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwake, naye aliyapata kwa mama yake. Pale ambapo wote wamenyamaza, pamoja na hiyo karatasi, nimejaza mwenyewe, na asiyependa aende Dar es Salaam akatafute yake.

Lukosi hakuja bondeni kwa kupenda. Wajerumani walipoivunja Kalenga, ngome ya Wahehe, alikuwa kijana ndani ya kuta zile. Aliiona kwa macho yake bombomu, ile bunduki iliyokuwa ikimwaga risasi kama mtu anayemwaga mtama kutoka kwenye ungo. Nyumba yao iliungua na baba yake akiwa ndani. Lukosi akambeba mama yake mgongoni, akashuka naye milima ya Udzungwa mpaka nchi ya mto na matete, ambako hakumjua mtu. Kwao walilima ulezi mlimani kwenye baridi. Huku watu walilima mpunga ndani ya maji, na wakati wa mafuriko walilala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti ili mto upite chini. Siku ya kwanza kupandishwa kwenye dungu, mama yake aliuliza kama wao sasa wamekuwa kuku.

Wandamba wa Mofu walimwonyesha kipande cha mbuga ambacho hakuna aliyekuwa na haja nacho, wakangoja kuona kama Mhehe ataweza maji. Aliweza. Alifyeka matete, akachimba mifereji, na mpunga wake ukasimama vizuri kuliko wa wengine waliokuwa wakimcheka. Akamwoa binti wa palepale, ambaye misheni baadaye ilimbatiza jina la Balbina. Lakini Balbina alisimulia kwamba mume wake alikuwa akiweweseka usingizini, akipiga kelele kwa Kihehe, akiota anatolewa nyumbani. Hilo ndilo lililokuwa jambo lake kubwa maishani. Hakutaka utajiri wala cheo. Alitaka tu asije mtu mwingine akamwambia ondoka.

Sasa nimlete huyo adui. Libenanga alikuwa Mmbunga wa upande wa Ifakara, mvuvi wa kambale na mpiga domo. Wambunga na Wahehe walipigana miaka na miaka, wakanyang'anyana ng'ombe na wanawake, na walipochoka kupigana wakabaki na kutukanana, ndio utani wenyewe. Mtani ana haki ambazo ndugu hana. Anaingia kwako bila hodi, anafunua chungu bila kukaribishwa, anakuvunjia heshima mbele ya wakwe zako, na ukipata msiba yeye ndiye anayechimba kaburi. Ukimkasirikia, mwenye kosa ni wewe.

Basi Libenanga aliposikia kuna Mhehe Mofu, alipiga kasia kwenda kumtazama. Akasimama pembeni ya shamba na kuuliza kwa sauti mbwa wote wa kijiji wamekwenda wapi, maana utani wa zamani ni kwamba Mhehe akipita, mbwa hawabaki. Lukosi aliangusha jembe. Tangu ashuke milimani watu wote walikuwa wakimsemesha kwa upole, kama mgonjwa au mgeni. Hapakuwa na aliyemjua vya kutosha kumtukana. Alimrudishia maneno makali kuhusu wezi wa ng'ombe, kisha akageukia matete ili machozi yake yasionekane. Siku ile walikula pamoja, na Libenanga alikula zaidi.

Mama yake Lukosi alifariki wakati boma la Mahenge likijengwa. Libenanga, aliyekuwa amekamatwa kubeba mawe ya ujenzi, alitoroka akaja kuchimba kaburi. Maiti ilipoletwa, akajitupa ndani ya shimo, akajilaza chali na kusema pana baridi nzuri, hatoki mpaka apewe jogoo. Waombolezaji wakaanza kucheka huku wanalia. Lukosi naye ikabidi aache kulia na kumkimbiza jogoo kati ya watu, na alipomkamata alikuwa amechafuka matope mpaka kwenye nyusi, anacheka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na Libenanga aliifanya sawasawa. Baada ya mazishi Lukosi alikwenda mpaka miguuni mwa milima kuchukua mawe, kwa kuwa mbugani hakuna hata jiwe la kumtupia mbwa, akayapanga juu ya kaburi kama wanavyofanya kwao.

Vita vya Majimaji vilipoingia bondeni, Libenanga aliinywa dawa, yale maji yaliyosemwa yatageuza risasi za Mjerumani zisiue. Akaja Mofu na kibuyu ili rafiki yake naye anywe.

"Hiyo bombomu nimeshaiona kwetu," Lukosi akamwambia. "Haijali mtu amekunywa nini."

"Mwoga wewe," Libenanga akasema. Bibi yangu alisisitiza kwamba mara hii hapakuwa na utani ndani yake.

Akaenda na wenzake kulipiga boma la Mahenge. Wengi walibaki huko. Yeye alirudi amelala ndani ya mtumbwi na risasi kwenye paja, akaomba afichwe. Lukosi hakumkumbusha neno. Alimficha kwenye matete, Balbina akawa anamwosha jeraha, na askari walipokuja na kumkosa, walichoma dungu, wakachoma na ghala la mpunga. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Lukosi na familia yake waliishi mbugani kwa samaki na mizizi ya yungiyungi, na waliporudi, majirani wengine walikuwa wamekufa, wengine wamehama, na shamba lilikuwa pori. Libenanga, mguu mmoja umebaki mfupi, akajenga ng'ambo ya mto. Lukosi alifyeka matete yale kwa mara ya pili.

Hapo ndipo ilipofika tume.

Mlowezi mmoja wa Kijerumani alitaka ardhi ya pamba kando ya mto, na jicho lake likaangukia pale ambapo mtu alikuwa amekwisha kuchimba mifereji. Si mjinga. Sheria yao ilisema ardhi isiyo na mwenyewe ni ya serikali, na serikali inaweza kumkodisha anayeitaka. Mlowezi akadai kwamba watu wa pale ni wa juzi, wameingia baada ya vita wakati nchi iko tupu. Jumbe akaulizwa. Naye jumbe alikuwa amewekwa baada ya vita, alitoka mbali, na alikuwa na hofu, kwa hiyo akasema hajui.

Bwana Shauri, yule Mjerumani aliyetumwa kuamua, aliweka meza yake chini ya hema. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, mkavu, mwenye ndevu zilizochongwa, na Kiswahili alikijua vizuri. Alimwambia Lukosi kwamba akithibitisha alikaa pale kabla ya vita, shamba ni lake. Asipothibitisha, ataondoka baada ya mavuno. Alete mashahidi.

Lukosi alileta watu wote aliokuwa nao. Wa kwanza akaulizwa, "Huyu ni nani wako?" Akajibu, "Shemeji." Wa pili, shemeji. Wa tatu alikuwa mjomba wa mke. Bwana Shauri aliweka kalamu chini na kusema kwamba watu wa familia moja wana shamba moja na mdomo mmoja, hawezi kuandika ushahidi wao. Anataka mtu asiye ndugu wala rafiki. Akaahirisha mpaka kesho yake.

Hebu fikiria. Mgeni ameishi mahali muda wote huo, ameoa, amezika, na kila anayemjua ama amekuwa ndugu yake au amekufa. Anaambiwa alete mtu asiyempenda aje amtetee. Lukosi alirudi nyumbani akakaa chini, akaanza kufunga mzigo. Balbina aliporudi kutoka mtoni alimkuta anakunja mikeka.

"Unafanya nini?"

"Najua namna ya kuhama," Lukosi akasema. "Nimewahi."

"Kuna Libenanga."

"Libenanga ataniharibia. Pale panatakiwa heshima. Yule hata msibani hana heshima."

Balbina alichukua mtumbwi, akavuka mto, akamkuta Libenanga anakausha kambale. Alimweleza yote, kisha akamwomba kwa magoti, jambo ambalo mke wa mtani halifanyi kamwe, kwamba kesho azuie ulimi wake. Mzungu yupo, askari wapo, kiboko kipo. Aseme tu anamfahamu Lukosi tangu zamani, basi. Libenanga aliapa kwa marehemu wote wa Kimbunga.

Kesho yake alikuja akichechemea, amevaa kanzu ya kuazima, mpole kama katekista. Alipita mbele ya watu wote bila kutukana mtu. Akafika mezani, akasalimu vizuri. Balbina alianza kupumua. Kisha Libenanga akageuka na kumwona Lukosi amesimama pale, uso umemlegea, mikono imelala, mtu aliyekwisha kukata tamaa. Bibi alisema hicho ndicho kilichomshinda, kwamba hakuweza kumwona mtani wake katika hali ile na akakaa kimya.

"Wewe mla mbwa!" akapaza sauti. "Kumbe bado hujafa? Na sura hiyo umeiazima kwa nani?"

Askari akainua kiboko. Karani, mtu wa pwani aliyekuwa akiandika pembeni, aliinamisha kichwa chini kabisa kwenye karatasi na mabega yake yakaanza kutikisika. Balbina akajifunika uso kwa kanga. Na Lukosi? Alijua kwamba shamba limekwenda. Lakini mtani ametukana, na mtani akitukana anajibiwa. Kama ni kuhama, atahama akiwa amejibu.

"Mwizi wa ng'ombe!" akasema. "Mguu umekufupikia kwa kukimbia na ndama wa watu!"

"Nyamazeni!" Bwana Shauri akapiga meza. Alimtazama Libenanga kwa makini, akakaa vizuri kwenye kiti. "Wewe. Unamfahamu mtu huyu?"

"Namfahamu kama ninavyofahamu chawa wa nguo yangu."

"Ni ndugu yako?"

"Huyu?" Libenanga akatema mate pembeni. "Mungu apishe mbali."

"Rafiki yako?"

"Mimi na kabila lile! Babu zake waliwaua babu zangu, na babu zangu waliwaua babu zake, na hatujamaliza."

Bwana Shauri akachukua kalamu. "Amekaa hapa tangu lini?"

"Tangu kabla ya vita, Bwana. Ametuchosha. Mama yake alikufa mwaka mlipokuwa mnajenga boma la Mahenge. Nakumbuka kwa sababu mawe yenu niliyabeba mimi kwa mgongo huu, nikatoroka kuja msibani."

"Kuomboleza?"

"Kumzuia asizike! Nilijilaza kaburini. Nikamwambia mama yako haingii humu mpaka nipate jogoo."

Kalamu ilisimama. Bwana Shauri alimtazama Libenanga, akamtazama Lukosi, akauliza taratibu kama hayo ni kweli. Lukosi akasema ni kweli, jogoo alimtoa, tena alikuwa jogoo mzuri. Mjerumani aligeuka mwekundu mpaka kwenye shingo. Maneno yote aliyaelewa, kila moja. Kitu chenyewe hakukiona, na katika hema lile zima hapakuwa na mtu mwenye haraka ya kumwonyesha.

"Kaburi liko wapi?"

Libenanga hakungoja kuelekezwa. Aliwatangulia akichechemea, Bwana Shauri nyuma yake, mlowezi, jumbe, askari na kijiji kizima, mpaka pembeni ya mfereji wa zamani, akafunua majani kwa fimbo. Mawe yalikuwa pale, yamezama nusu kwenye udongo, mizizi ya miti imeyashika. Bwana Shauri alizunguka akitazama mbuga upande huu na upande huu. Hapakuwa na jiwe jingine mahali popote. Alipiga goti moja, akajaribu kung'oa moja kwa mkono, likakataa.

Mlowezi akaanza kusema kwa Kijerumani, kwa hasira. Bwana Shauri alimwinulia kiganja. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, kwamba rafiki anaweza kusema uongo kwa upendo, lakini mtu huyu ana chuki ambayo yeye hajaiona popote katika nchi hii, na hata hivyo amekiri jambo linalomfaa adui yake. Huo ni ushahidi usio na shaka. Shamba, tangu mto mpaka kaburi na kupita kaburi, ni la Lukosi na watoto wake. Karani aandike.

Karani aliandika. Sista Brigita alipoisoma sehemu hiyo nilimwomba arudie, kisha nikamwomba arudie tena.

"Tena," Bwana Shauri akaongeza, akimwelekezea Libenanga kidole, "kwa usalama wa mtu huyu na familia yake, wewe ni marufuku kukanyaga shamba lake. Ukionekana humu, viboko."

Mdomo wa Libenanga ukabaki wazi. "Hata wakati wa kula?" akauliza, na Balbina akamfinya.

Askari walipigilia vigingi kwenye mipaka. Mlowezi akapanda farasi wake kwenda kutafuta mifereji ya mtu mwingine, na hema likafungwa. Watu walijikaza wote, wamekunja nyuso kwa heshima, mpaka mzigo wa mwisho wa wapagazi ulipopotea nyuma ya matete. Kisha mtu mmoja akapasuka, na Mofu nzima ikaanguka chini kwa kicheko. Wanawake walipiga vigelegele. Shemeji waliokataliwa walimbeba Libenanga juu juu, kanzu ya watu imepanda mpaka magotini, wakamvusha vigingi vya mpaka na kumtupa katikati ya shamba aliloharamishiwa. Akakaa palepale kwenye matope akadai ubwabwa.

Lukosi alisimama mbele yake. Alitaka kushukuru, lakini mtani hashukuriwi, ni kama kumwambia kwamba utani umekwisha. Mwisho akamwambia kwamba ameudhalilisha ukoo wake mbele ya serikali, na kwamba katika maisha yake hajaona mtu mwenye sura mbaya kama yeye. Libenanga alijifuta macho na upindo wa kanzu. Akasema, naam, sasa ndiye Lukosi anayemfahamu.

Walikula mpaka chungu kikakwanguliwa. Siku iliyofuata Lukosi aliamka mapema, akachukua shoka, akaenda kukata nguzo. Tangu ashuke milimani alikuwa amejenga vibanda vya matete na magome, vya kuachwa bila majuto. Sasa alijenga tembe, nyumba ya Kihehe, kuta nene za udongo na paa bapa la udongo juu ya nguzo, nzito kama mlima. Wandamba walimwambia kwa upole kwamba nyumba ya namna hiyo ni ya nchi kavu. Libenanga alimwambia bila upole. Lukosi aliendelea kukandika, akiimba nyimbo za kwao.

Masika yakashuka. Paa likavuja pembe zote, sakafu ikawa bwawa. Balbina aliwapeleka watoto kwenye dungu la kaka zake, akarudi kumchukua mume wake. Alimkuta amekaa katikati ya nyumba juu ya kinu kilichopinduliwa, matope yanamdondokea kichwani, anatabasamu.

"Twende, baba watoto," akamwambia. "Mto unapanda."

"Wewe nenda kalale na watoto," Lukosi akasema. "Mimi hapa hanitoi mtu."